Kasha lipo ng'ambo, gari ipo huku

Mchezo wa jiokeshi, yaani kusaka vikasha vilivyofichwa kwa kufuata latitudo na longitudo, unanoga sana visiwani kwetu Zanzibar. Kinachowapotezea watu siku ni safari ya gari, kwa kuamini maneno manne haya.

"Kasha lipo kilomita 7, si mbali." Hizo ni kilomita za mstari ulionyooka, juu ya maji na mikoko. Simama ufukweni Chwaka utazame ng'ambo: Michamvi ile pale. Chombo kinavuka moja kwa moja. Gari lazima izunguke ghuba nzima, ipite Jozani, itokee Paje, ishike njia ya Bwejuu mpaka ncha ya Michamvi.

"GPS ya gari itanifikisha." GPS ya gari inajua barabara tu. Kasha likiwa kichakani, inachagua barabara iliyo jirani zaidi na nukta, ikufikishe hapo, iseme umefika. Pemba, ambako pwani ya magharibi imejaa hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, barabara hiyo huweza kuwa upande usio wako. Yalinikuta: mshale unaonyesha mita 400, mbele yangu mikoko na tope. Mzee aliyekuwa akishona wavu akaniambia, "Hapo hapapitiki, mwanangu. Rudi mpaka skuli, uingilie njia ya juu." Tangu hapo naifungua ramani usiku kabla ya safari, natafuta njia ya miguu inaanzia wapi, na gari naipa namba (latitudo na longitudo) za pale nitakapoiacha. Walioficha makasha mara nyingi huandika namba za maegesho. Anza na hizo. Kipande cha mwisho kishikie simu mkononi. Mji Mkongwe pia, gari iache Malindi au Darajani, vichochoro havina nafasi yake.

"Njia ikiwa kwenye ramani, inapitika." Njia ya kale ya Unguja Ukuu kwenda Uzi hupita katikati ya mikoko, na maji yakijaa huzama. Ramani haijui bamvua, yale maji makubwa. Wavuvi wanajua, waulize.

"Namba ni namba." Makasha huandikwa kwa digrii na dakika, mfano S 06° 09.800' E 039° 26.200'. Ukiziingiza kama digrii tupu, 6.098 na 39.262, badala ya Chwaka utapelekwa kilomita 20 hivi magharibi, katikati ya mashamba. Na ukisahau kuandika kusini, nukta inaruka ikweta na kuangukia Ethiopia.