Lupasi: maana yake, na kwa nini si upungufu wa kinga

Kwa mtu aliyekulia Tanzania, neno kinga limeshikamana na UKIMWI. Limo ndani ya jina lenyewe: Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa hiyo mdogo wangu alipotoka chumba cha daktari hapa Moshi akatuambia, "Wamesema ni shida ya kinga," mama alikaa chini kwenye benchi akashika kichwa. Jioni ile ile shangazi akaanza kutenga vikombe. Shangazi hakuwa na roho mbaya. Neno ndilo lililompoteza, na ndiyo sababu naandika haya.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wake yenyewe. Tatizo si kinga kupungua. Iko kazini, tena inafanya kazi kupita kiasi. Wanaokumbuka sungusungu watanielewa haraka. Fikiria doria ya usiku inayomkuta mwenye nyumba katoka kwenda chooni, ikashindwa kumtambua, ikampiga mlangoni kwake. Marungu wanayo, nguvu wanazo, ila hawajui tena nani mwizi na nani mwenye nyumba. Na kwa kuwa kinga inazunguka na damu, kipigo kinaweza kuangukia popote: ngozi, maungio, figo, utando wa mapafu na wa moyo, ubongo, hata chembe za damu zenyewe.

Lupasi haiambukizwi kwa kikombe, kwa kitanda wala kwa tendo la ndoa. Si saratani. Hakuna aliyemroga mtu. Haina chanzo kimoja: kuna kurithi, kuna homoni, kuna jua na maradhi mengine yanayoichokoza. Kati ya wagonjwa 10, takribani 9 ni wanawake, wengi wao wenye miaka 15 hadi 45, na tafiti za Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba wanawake weusi wanaupata zaidi na unawaumiza zaidi kuliko weupe. Jina ni la Kilatini, maana yake mbwa mwitu, kwa sababu waganga wa kale wa Ulaya waliona vidonda vya usoni kama vimetafunwa na mnyama. Kwenye faili la hospitali utakuta herufi tatu tu: SLE, kifupi cha jina lake la kitaalamu.

Kwa mdogo wangu ilianza na kisu. Alikuwa anamenya ndizi za mtori asubuhi, kisu kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, vidole havikunji. Ilipofika saa nne vikalegea, akamaliza kumenya. Tukasema baridi yabisi. Zikaja homa, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa za taifodi. Vikaja vidonda kwenye kaakaa, visivyouma. Akaambiwa vitamini zimepungua. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na msusi akalaumu rilaksa. Kila jibu, ukilitazama peke yake, lilikuwa na mantiki. Lakini kila jibu lilitolewa kwenye mlango wake, na hakuna aliyekaa akayaweka yote kwenye meza moja. Ikapita miaka miwili hivi.

Kisha uso. Lupasi mara nyingi huchora alama inayopita shavu hadi shavu juu ya pua, kama kipepeo aliyetandaza mabawa, na mikunjo inayoshuka kutoka puani kwenda mdomoni hubaki safi. Vitabu vingi vya udaktari vinaonyesha alama hiyo ikiwa nyekundu, kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu huwa ya kahawia iliyokolea au zambarau inayoelekea weusi, na ni rahisi kuidhania jambo jingine. Mdogo wangu alituhumiwa kutumia mkorogo, na zahanati tuliyompeleka walimwambia aache kujichubua. Hajawahi kujichubua. Ipo pia lupasi inayobaki kwenye ngozi tu, yenye mabaka ya mviringo kichwani na masikioni. Watu huyaita mapunye, wakayapaka dawa ya mapunye, na huku kovu linaua nywele moja kwa moja.

Wahudumu wa afya nawaomba kitu kimoja: mkojo. Ukimwona msichana au mama kijana mwenye maungio yaliyovimba, homa isiyo na malaria, vidonda vya mdomoni, au ngozi inayochachamaa juani, chovya kile kijiti kwenye mkojo wake uangalie protini. Ni kipimo cha dakika mbili na kipo hata kwenye zahanati. Figo huguswa kwa karibu nusu ya wagonjwa, nazo huharibika kimya kimya. Dalili ya kwanza inaweza kuwa povu lisilotulia kwenye mkojo, kisha miguu kuvimba na presha kupanda. Pima pia damu kamili, na umpeleke mbele mapema. Kipimo cha damu cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia chembe za mwili wenyewe, hutoka chanya kwa karibu kila mwenye lupasi, ila hutoka chanya hata kwa watu wengi wasio na ugonjwa, kwa hiyo peke yake hakitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Na jambo la kuokoa ndoa: lupasi inaweza kufanya kipimo cha kaswende cha VDRL kisomeke chanya wakati kaswende haipo. Kirudiwe kwa kipimo cha aina nyingine kabla mtu hajaitwa msaliti.

Haiponi kabisa, lakini inatulizwa, na wengi wanaishi miaka mingi. Dawa ya msingi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini chungu tuliyomeza kwa malaria mpaka nchi ilipoiacha mwaka 2001. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu akisikia "dawa ya malaria" anajua amekosewa, anaiacha. Usiiache. Inazuia ugonjwa usilipuke tena, na anayeitumia kwa miaka apimwe macho. Prednisoloni, dawa nyingine ya kuituliza kinga, huvimbisha uso, majirani wakakusifu kwamba umenawiri. Nayo isikatishwe ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo na daktari.

Jua ni adui wa kila siku. Jirani zetu wa Arusha wako mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mionzi huongezeka kadiri unavyopanda. Usidanganywe na mawingu ya Julai, mionzi inapenya. Kofia pana, mikono mirefu, kanga, mwavuli hata kama watu wanashangaa. Pale KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na mafuta ya kuzuia jua yametengenezwa hapa hapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ujuzi tunao mlangoni. Mwenye lupasi naye aulize mafuta ya aina hiyo.

Tarehe 10 Mei, tangu mwaka 2004, ni siku ya lupasi duniani, rangi yake zambarau.

Swali ambalo wanawake huliuliza kwa kunong'ona ni la mtoto. Inawezekana. Lakini mimba ipangwe: madaktari hutaka ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6, baadhi ya dawa hubadilishwa kabla, na haidroksiklorokwini kwa kawaida huendelea hadi kujifungua. Shangazi ameshaanza kufuma kofia ya mtoto. Mdogo wangu yuko mwezi wa nne wa kusubiri utulivu huo.