Namba ya Rolex inasomwa pamoja na uso wake

Muuzaji wa Rolex Lubumbashi akiulizwa kama saa ni ya kweli, mara nyingi anaonyesha namba iliyochorwa kwenye kasha, na mazungumzo yanahamia kwenye dola. Lakini namba ndiyo kitu rahisi kunakili: mtengenezaji wa bandia huchukua namba ya saa moja halisi na kuipiga kwenye makasha mengi. Namba ina uzito ikikubaliana na modeli na umri wa uso.

Kwa saa za zamani, mkanda wa chuma lazima utoke. Namba ya saa iko kati ya pembe zinazoshika mkanda, upande wa alama ya 6 (6 iliyo chini ya uso, si saa sita yetu ya mchana). Namba ya modeli iko upande wa 12. Bandika utepe kwenye pembe kwanza, kisha bana pini ya mkanda kwa uma mdogo wa fundi saa. Kisu kitaacha mikwaruzo. Vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho huganda pale hadi namba haisomeki. Tumia mswaki laini wenye unyevu kidogo wa sabuni, kamwe si sindano.

Sasa shika kioo cha kukuzia mara 10 na uinamishe kasha kwenye mwanga. Mchoro halisi wa zamani ni wa kina, kingo zake kali, na mistari inametameta. Bandia nyingi huchomwa kwa asidi: herufi zimefifia na ndani zina chembechembe kama mchanga.

Kisha linganisha. Kuanzia 1987 hivi namba zilitanguliwa na herufi: R, L, E, X, halafu N, C, S na kuendelea. E ni takriban 1990. Miaka hiyo imekusanywa na wapenzi wa saa, kwa hiyo acha nafasi ya mwaka mmoja huku au huku. Chukua Submariner (Rolex ya wazamiaji) modeli 16610 ambayo namba yake inaanza na E: chini ya uso itarajiwe SWISS – T<25, kwa sababu rangi yake ya kung'aa ilikuwa na tritiamu (T), kemikali yenye mionzi hafifu. Ukisoma SWISS MADE, uso huo ni wa karibu 2000 au baadaye. Saa inaweza kuwa halisi, ila uso umebadilishwa, na bei ishuke.

Kati ya 2005 na 2008 hivi, namba ilihamia taratibu kwenye pete ya ndani inayozunguka uso. Tangu 2010 hivi herufi na tarakimu zimechanganywa, hazitaji mwaka tena. Kwa hiyo Submariner 116610, modeli ya 2010, yenye namba kati ya pembe, mimi siinunui.

Mwisho, fundi afungue kifuniko kwa ufunguo wake wenye meno. Mashine ya 16610 imeandikwa 3135. Ikikosa, namba za nje hazina kazi.