Kipandauso kwa mtu mzima: utambuzi na matibabu ya shambulio

Wagonjwa wengi wa kipandauso hufika kwangu wakiwa wamekwisha kumeza dozi kadhaa za dawa za malaria, ingawa kipimo hakikuonyesha vimelea. Jambo hili linanisikitisha, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha kipandauso, na utambuzi wote hutegemea maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Humwomba anisimulie siku ya maumivu inavyokwenda. Akisema kichwa kinapwita upande mmoja, kupanda ngazi kunamzidishia, harufu ya chakula inamchefua, na amelala amejifunika khanga usoni kwa sababu hastahimili mwanga wala sauti ya redio, nakuwa karibu kabisa na jibu. Vigezo vya kimataifa vya kipandauso kisicho na dalili tangulizi (kama kuona vimulimuli kabla ya maumivu) hudai mashambulizi yasiyopungua 5, kila moja likidumu saa 4 hadi 72 lisipotibiwa.

Hata hivyo siandiki dawa kabla ya kuulizia hatari. Maumivu yaliyofikia kilele ndani ya dakika moja, homa pamoja na shingo kukaza, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, maumivu yaliyoanza baada ya miaka 50, au maumivu mapya kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au anayeishi na VVU, yote hayo yanahitaji uchunguzi wa haraka.

Katika matibabu, kosa ninalokutana nalo zaidi ni dozi ndogo iliyochelewa. Asiye mjamzito, asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo anywe ibuprofeni miligramu 400 au aspirini miligramu 900 mara maumivu yanapoanza. Wakati wa shambulio tumbo husukuma dawa polepole, hivyo mara nyingi naongeza metoklopramidi miligramu 10, ambayo pia hutuliza kichefuchefu. Zisipotosha, natumia sumatriptani, dawa mahususi ya kipandauso, miligramu 50, lakini si kwa aliyepata kiharusi, mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo au presha isiyodhibitiwa. Tramadoli na dawa nyingine za maumivu za jamii ya afyuni sizishauri.

Kila mgonjwa namwomba aweke alama kwenye kalenda kila siku anapokunywa dawa. Sumatriptani ikifika siku 10 kwa mwezi, au ibuprofeni siku 15, dawa yenyewe inaweza kuanza kuleta maumivu ya kichwa, na hapo tunazungumzia dawa za kuzuia mashambulizi yasitokee, kama propranololi kwa asiye na pumu, au amitriptilini.