Countach ilinenepa kwa sababu ya tairi

Lamborghini Countach wanayoikumbuka wengi, ile ya kwenye mabango ya ukutani yenye bawa kubwa nyuma na madigadi yaliyovimba, sio gari alilolichora Marcello Gandini. Gari lake, lililotoka Bertone, kampuni ya kuchora na kuunda bodi, na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1971, lilikuwa la njano, limelala chini, bodi imenyooka kama imekatwa kwa kisu. Halikuwa na bawa wala uvimbe popote.

Kazi yangu ni injini na giaboksi, kwa hiyo naanzia chini ya bodi. Huko kuna kitu ambacho hakikuguswa tangu magari ya kwanza ya kuuzwa, 1974, hadi la mwisho, 1990.

Kwenye Lamborghini Miura iliyotangulia, V12, yaani injini ya silinda kumi na mbili, ililazwa kuelekea kushoto na kulia. Mhandisi Paolo Stanzani akaigeuza ikae kwa urefu wa gari, na herufi LP kwenye majina ya matoleo ya Countach zinataja hilo: injini ya nyuma iliyokaa kwa urefu. Shida ni kwamba V12 ni ndefu. Ukiifungia giaboksi kwa nyuma, gari linarefuka na uzito wote unaning'inia mkiani. Stanzani akageuza mambo: giaboksi ikatazama mbele, ikaingia katikati ya viti viwili, leva ya gia ikawa karibu kabisa na gia zenyewe. Sasa nguvu ilibidi irudi nyuma hadi kwenye difu, inayoigawa kwa magurudumu ya nyuma. Akaipitisha kwa shafti ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, kwenye mrija wake uliozibwa usichanganye mafuta. Injini ikalazimika kukaa juu kidogo, na hiyo ndiyo bei aliyoilipa. Kwangu mimi ilikuwa bei ndogo.

Gari la majaribio lilichemsha. Matundu ya hewa aliyoyaacha Gandini yalikuwa madogo mno, ndipo yakaongezwa yale makubwa ya ubavuni na masanduku ya hewa nyuma ya madirisha, ili rejeta mbili zilizosimamishwa kando ya injini zipate pumzi. Injini ya lita 5 ya gari lile nayo iliachwa. LP400 ya 1974 ikatoka na lita 3.9 na nguvu farasi 375. Paa lake lina mfereji wa kumsaidia dereva kuona nyuma, ndiyo maana wakusanyaji wanaiita Periscopio. Ningepewa nichague moja, ningechukua hiyo bila kufikiri.

Kisha zikaja tairi. Pirelli walikuwa wametoa P7, pana na fupi ubavuni, na tajiri mmoja wa mbio za magari, Walter Wolf, alishajitengenezea Countach yake yenye tairi hizo. Kiwanda kikafuata mwaka 1978 kwa LP400S. Tairi za nyuma zilitoka upana wa milimita 215 hadi 345! Haziwezi kuingia chini ya bodi ya zamani, kwa hiyo yakabandikwa madigadi ya faiba, na saspensheni ikapangwa upya kwa msaada wa mhandisi Gian Paolo Dallara. Gari likashika barabara vizuri zaidi kwenye kona, lakini injini ilikuwa imepungua nguvu na upepo sasa ulikuwa na ukuta mpana wa kugonga. Bawa la nyuma liliuzwa kama nyongeza, nalo lilipunguza mwendo badala ya kuuongeza. Wateja walilitaka hivyo hivyo.

LP500S ya 1982, yenye lita 4.75, ilirudisha tu nguvu zilizopotea. Hatua ya kweli ni ya 1985, Quattrovalvole. Mhandisi Giulio Alfieri alipanua injini hadi lita 5.2, akaweka valvu nne kwa kila silinda, ikatoa nguvu farasi 455. Kabureta sita za Weber zilizokuwa zimelala ubavuni mwa injini zikasimamishwa juu yake. Hewa ikapata njia iliyonyooka, lakini kifuniko cha injini kikaota nundu na kile kidogo dereva alichokuwa akikiona nyuma kikazibwa. Kurudi rivasi ni kufungua mlango juu, kukaa kwenye ukingo wake na kuchungulia nje. Yaliyokwenda Marekani yalifungwa sindano za mafuta za Bosch na kupoteza sehemu ya nguvu hizo.

Toleo la 1988, la miaka 25 ya kampuni, bodi yake ilifanyiwa kazi na Horacio Pagani, kijana ambaye baadaye angeanzisha kampuni yake ya magari. Lina mistari mingi mno kwa macho yangu, ingawa linapoa vizuri zaidi na ndani lina starehe zaidi.

Lamborghini Diablo ilipochukua nafasi ya Countach mwaka 1990, ilirithi mpangilio ule ule wa Stanzani. Na kwa kuwa giaboksi tayari ilitazama mbele, Lamborghini walipotaka kuendesha magurudumu yote manne kwenye Diablo VT ya 1993, shafti ya kwenda mbele ilipata pa kuanzia bila kuhamisha injini.