Mguu uliozikwa hauumi: dhana potofu kuhusu kiungo kilichokatwa, mguso na mtekenyo

Wiki iliyopita binti wa mgonjwa wangu alinipigia simu alfajiri. "Shikamoo daktari. Baba hajalala. Anasema vidole vya ule mguu vimejikunja, na wazee wamekaa wakaamua ufukuliwe, unyooshwe." Mguu wenyewe, wa kushoto, ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha kisukari, ukazikwa nyuma ya nyumba. Ni mara ya tatu mwaka huu nasikia habari ya jembe na mguu. Nimechoka kuieleza kwenye simu, kwa hiyo naiandika.

"Unauma kwa sababu ulizikwa vibaya."

Hapana. Mguu ukishakatwa, mishipa yake ya fahamu haina tena njia ya kupeleka habari ubongoni. Uzikwe umenyooka, uzikwe umejikunja, au uteketezwe kwenye tanuri la hospitali, mgonjwa hawezi kuhisi tofauti yoyote. Kuuzika kwa heshima ni haki yenu, sina neno nalo. Ninachokataa ni kuufukua kama tiba, kwa sababu siku zinazopotea kwenye jembe ni siku ambazo mtu anaumia bila kutibiwa.

Maumivu yanatengenezwa ubongoni. Katika miaka ya 1930 daktari Wilder Penfield wa Montreal alikuwa akipasua wagonjwa wakiwa macho, akigusa uso wa ubongo kwa umeme mdogo na kuwauliza wanahisi nini. Akigusa hapa, mgonjwa anasema ni mdomo; akisogea kidogo, ni kidole. Mwili mzima una ramani yake kule ndani. Msumeno wa daktari wa upasuaji hukata mguu, lakini ramani ya mguu hubaki. Utafiti uliochapishwa 2025 uliwafuatilia watu watatu tangu kabla ya kukatwa mkono, na ramani ya mkono ilionekana karibu vilevile hata baada ya miaka. Kwa hiyo mzee anaposema vidole vimejikunja, anaeleza kwa usahihi kabisa kile ambacho ubongo wake unampa.

Nilipofika kwao nilimkuta mzee amekaa mkekani. Alinyoosha mkono hadi pale ambapo unyayo ungekuwa, akakunja kidole chake cha shahada hewani: "Gumba linachimba hivi." Nikaomba kioo cha kabati. Tukakisimamisha katikati ya miguu, upande unaoakisi ukiwa kwa mguu mzima wa kulia na gutu likiwa nyuma yake. Akitazama kiooni, anaona miguu miwili. Nikamwambia akunje na kukunjua vidole vya kulia taratibu, bila kuondoa macho, huku akijaribu kufanya vivyo hivyo na vile visivyokuwepo. Alinyamaza muda mrefu, jasho likamtoka. Halafu akasema, "Umelegea."

Zoezi hilo lilianzishwa na mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran huko California katika miaka ya 1990. Maelezo yake ni kwamba ubongo hutoa amri, "kunjua kidole", na hakuna jibu linalorudi, kwa hiyo unabaki na kiungo kilichokwama. Kioo kinaupa jibu kwa njia ya macho. Halimsaidii kila mtu, na siku moja haitoshi: nataka dakika 15 kila siku kwa wiki kadhaa. Jingine ninalosisitiza mpaka wagonjwa wananichoka: kidonda kikishapona kabisa, gusa gutu lako kila siku. Lisugue kwa kanga, kesho kwa taulo, baadaye kwa kitambaa kigumu zaidi. Ubongo unahitaji habari za kweli kutoka pale mwili unapoishia sasa.

"Ni mashetani, au ameanza kuchanganyikiwa."

Wengi wa waliokatwa kiungo hukihisi bado, na zaidi ya nusu hupata maumivu. Daktari Mfaransa Ambroise Paré aliandika habari hii katika karne ya 16. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell aliipa jina, kwa Kiingereza "phantom limb", mwaka 1871, baada ya kuwatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mnapomwambia mgonjwa amepandwa na mashetani, anachojifunza ni kunyamaza. Nina wagonjwa waliovumilia miaka miwili bila kumwambia hata mke.

"Mguso na mtekenyo ni kazi ya ngozi tu."

Jitekenye kwapani sasa hivi. Hakuna kitu, ingawa ngozi ni ileile na vidole ni vilevile. Mwaka 1998 mtafiti wa ubongo Sarah-Jayne Blakemore na wenzake, London, walionyesha kwamba ubongo mdogo, ule wa kisogoni, hutabiri mguso unaotokana na amri yako mwenyewe na kuupunguza makali. Baadaye wakaweka mashine kati ya mkono na ngozi ili mguso uchelewe kidogo, na watu wakaanza kutekenyeka kwa mkono wao wenyewe. Ni hesabu ileile ya amri na jibu niliyoieleza kwenye kioo. Na kwa kuwa tumefika hapo: mtoto kucheka anapotekenywa si ushahidi kwamba anafurahia. Kicheko kile kinamtoka hata akiwa anataka kuachwa. Akisema "basi", mwache.

"Akipewa mguu wa bandia maumivu yataisha."

Kwa baadhi hupungua, kwa wengine hapana. Uvaeni kwa ajili ya kutembea.

"Wakate tena, juu kidogo."

Ombi hili linaniuma. Ukikata juu zaidi, ramani ubongoni inabaki palepale, na umepoteza sehemu ya mguu ambayo mguu wa bandia ungeishikilia. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havitoshi. Daktari anaweza kuandika amitriptilini au gabapentini, dawa zinazotuliza mishipa ya fahamu. Ila tofautisheni maumivu ya mguu usiokuwepo na maumivu ya gutu lenyewe. Gutu likivimba, likawa jekundu au la moto, likatoa usaha, au ukibonyeza mahali pamoja ukarushwa kama umeguswa na umeme, nenda hospitali usisubiri. Huenda ni maambukizi, au uvimbe kwenye ncha ya mshipa wa fahamu uliokatwa, na hayo kioo hakiyatibu.