Gemu za anime za mkononi: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Kila ikianza stori ya gemu za anime, yaani katuni za Kijapani, lazima atokee mtu aseme zile za Game Boy ya Nintendo na PSP ya Sony zilikuwa mbovu kwa sababu vimashine vyenyewe vilikuwa vidogo, wenzake wanaitikia, basi imeisha hiyo. Mimi nimezicheza sana hizi gemu na nazipenda mpaka leo, ndo maana hiyo kauli inaniuma, yaani kosa la watu inabebeshwa mashine.

"Mashine ndogo, utegemee nini?"

Sio kweli, na ushahidi upo kwenye mashine moja ileile. Game Boy Advance kioo chake kilikuwa pikseli 240 kwa 160, kadogo kweli, na kaseti zake zilizoea kuishia megabaiti 32. Mwaka 2002 ikatoka Dragon Ball Z: The Legacy of Goku. Sasa humo Goku, huyuhuyu tuliyemuona kwenye katuni akipasua milima, anauawa na mbwa mwitu na nyoka wa porini, ngumi zake hazifiki mbali kwahiyo inabidi umsogelee adui mpaka mgusane na ukishasogea yeye ndo anakuwahi, ukiruka angani kuna mita inapungua haraka hujafika popote, afu gemu lenyewe ni la masaa machache limeisha.

Mashine hiyohiyo, 2003 huko Japani, studio za Treasure na Hitmaker wakatoa Astro Boy: Omega Factor, yule roboti mtoto wa Osamu Tezuka. Aisee hili gemu! Nguvu zote alizonazo kwenye hadithi unazo mkononi, mwali wa kidoleni, mzinga wa mkononi, kuruka kwa moto wa miguuni, na ukidhani umemaliza unarudishwa nyuma kwenye muda uanze kurekebisha yaliyoharibika. Mwaka 2004 studio ya Dimps wakaleta Dragon Ball: Advanced Adventure, Goku bado mdogo na fimbo yake, ukibonyeza anajibu palepale. Kioo hakijaongezeka hata pikseli moja.

Halafu wengi wanadhani Legacy of Goku ilitengenezwa Japani kwa vile Dragon Ball ni ya Japani. Hapana, walioitengeneza ni Webfoot, studio ya Marekani kule Illinois. Na hao haohao, mwaka mmoja tu baadae, wakatoa Legacy of Goku II na ikawa tamu kuliko ya kwanza mara nyingi, una Gohan, Piccolo, Vegeta na Trunks, unapanda levo, kuna mageti hayafunguki mpaka ufikishe levo fulani kwahiyo mazoezi yana maana kama yalivyo kwenye anime yenyewe. Watu walewale, mashine ileile. Kilichobadilika ni walivyolifikiria gemu, basi.

"Ukicheza gemu huna haja ya kuangalia anime"

Hapa ndo pana ugonjwa wenyewe. Gemu nyingi za aina hii zinakupa muhtasari, picha imesimama, maandishi mawili matatu, pigana, maandishi tena, pigana. Chukua Attack on Titan: Humanity in Chains ya 3DS, mashine nyingine ya mkononi ya Nintendo, ilitoka Japani 2013, kurukaruka na zile kamba kunanoga kweli saa za mwanzo, lakini misheni ni zilezile, nenda ua majitu, rudi, nenda ua tena, na stori inakatwakatwa katikati. Kama hujaiangalia anime huelewi kwanini watu wanalia, na kama umeiangalia huambiwi kitu kipya. Kwahiyo linamhudumia nani?

Na sababu ya haya ni haraka. Anime ikiwa ya moto gemu linatakiwa sokoni sasa hivi, sio miaka mitatu ijayo. Bleach: Heat the Soul za PSP zilitoka saba kati ya 2005 na 2010, saba! Ukizipanga unaona kila moja inaongeza wahusika wa msimu ule juu ya gemu lilelile.

"Likiwa na maandishi ya Kijapani ni feki"

Hizo Heat the Soul hazikutolewa Marekani wala Ulaya, kwahiyo ukikutana na ya Kijapani ndo orijino yenyewe. Jump Ultimate Stars ya DS, mashine ya Nintendo iliyotangulia 3DS, 2006, nayo ilibaki Japani, maana ilikusanya anime kibao ambazo haki zake nje ya Japani zilikuwa kwenye kampuni tofauti tofauti. Na ukisikia ina wahusika zaidi ya 300 jua unaoweza kuwaongoza mwenyewe ni 56, wengine wanaingia kukusaidia tu na kutoka. Gemu nzuri, ila hesabu ya wahusika isikudanganye hata siku moja.

"Pokémon ni gemu la katuni"

Kinyume chake. Gemu lilianza Februari 1996, katuni ikaja Aprili 1997.

"Kuna Dragon Ball mpya ya PSP imetoka"

Hii kwa sisi tunaocheza kwenye simu kwa PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP, ndo inakula bando za watu. Sony waliacha kutengeneza PSP mwaka 2014. Ultra Instinct, lile umbo la nguvu la Goku, ilionekana kwenye anime 2017. Sasa hilo faili lenye Goku wa Ultra Instinct ni Tenkaichi Tag Team, gemu la Dragon Ball la PSP la 2010, ambayo mashabiki wameibadilisha nywele, nguo na sauti. Kazi yao naiheshimu sana, ila mwendo wa kupigana ni uleule wa 2010. Nimeshushia hizo modi mara kadhaa na kila mara mikono yangu inakuta gemu lilelile.

Na hapa nakubali, mashine ilichangia. PSP ilikuwa na kijiti kimoja cha kuelekezea, PS2 ya nyumbani padi yake ina viwili, kwahiyo ukibanwa kwenye kona kamera inapotea na huna cha kuigeuzia vizuri. Kwenye simu ndo kabisa, vidole vimeziba nusu ya kioo. Ukiunganisha padi ya bluetooth shida ya vidole inaisha, ya kamera inabaki palepale.