Dawa za bakteria wa baharini: yenye watu wanasema na yenye iko kweli

Stori ya dawa za baharini imeingia Kisumu na nguvu. Ukishuka pale stendi unapata mtu na spika na chupa za kitu kijani, ati imetoka Mombasa, inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo mpaka kansa. Shida ni kwamba kuna ukweli kidogo umechanganywa hapo ndani, ndio maana watu wananunua.

"Bakteria ni ugonjwa tu, itakuwaje dawa?"

Dawa kibao zilitoka kwa bakteria. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki kutibu TB, Albert Schatz aliitoa kwa bakteria wa udongo mwaka wa 1943 kwenye maabara ya Selman Waksman huko Marekani. Bakteria wanapigania chakula na nafasi, kwa hivyo wengine wanatengeneza sumu za kuzuia majirani, na hizo sumu ndizo sisi tunageuza dawa. Sasa fikiria bahari, kijiko kimoja cha chai cha maji yake kinaweza kuwa na bakteria milioni kadhaa, na aina nyingi hazijawahi kukuzwa kwa maabara yoyote.

"Basi si tunywe tu maji ya bahari?"

Hapa naomba mniskize vizuri. Kile kitu bakteria anatengeneza ni kidogo sana, lazima kitolewe, kisafishwe, kipimwe, ndio kijulikane kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaua. Maji ya bahari yenyewe yana chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita, ukimpa mtu wa presha ama wa figo unamuumiza. Na bakteria wa kipindupindu makao yake ya asili ni maji ya pwani yenye chumvi kiasi, na kipindupindu sisi watu wa Nyanza hatuhitaji kuelezwa. Hiyo chupa ya kijani nayo mara nyingi ni mwani umesagwa, si bakteria, na hakuna ushahidi mwani unaponya kansa. Kinachoniuma ni mgonjwa wa TB anaachishwa tembe katikati ya ile miezi 6 kwa sababu ya chupa, halafu bakteria walioponea wanarudi sugu, na anaambukiza watoto wa nyumba hiyo hiyo.

"Tiba ya kansa ilishapatikana huko baharini, makampuni yanaificha."

Hakuna aliyeficha, angalieni Salinispora tropica. Hii bakteria William Fenical na Paul Jensen wa taasisi ya Scripps, California, waliitoa kwenye matope ya chini ya bahari huko Bahamas, na ilikuwa haikui mpaka ipate maji ya chumvi. Mwaka wa 2003 wakatangaza kemikali yake, salinosporamaidi A. Inazima ile mashine ya seli inayovunja protini zisizohitajika, seli ya kansa inajaa takataka inakufa. Kwa maabara ilifanya vizuri sana, ikajaribiwa kwa watu, lakini kwa jaribio kubwa la kansa ya ubongo wagonjwa walioongezewa hiyo dawa hawakuishi zaidi ya wale wa matibabu ya kawaida, na madhara yaliongezeka. Matokeo yakatolewa wazi kila mtu asome. Inasikitisha, najua, hasa kama uko na mtu wako anaumwa, lakini ni heri jibu hilo kuliko kuuziwa matumaini.

"Hakuna dawa ya bahari imewahi kufika kwetu."

Ile sindano ya seftriaksoni, antibiotiki unadungwa hospitali, Busia mpaka Nakuru, ukoo wake ulianza na kuvu Giuseppe Brotzu alipata 1945 kwa maji ya bahari karibu na bomba la maji taka, Sardinia, Italia. Ni kuvu, sawa, lakini bahari ni hiyo hiyo. Halafu kuna trabektedini ya kansa, Ulaya waliikubali 2007, ilitolewa kwa kiumbe mdogo wa baharini na baadaye ikajulikana bakteria anayeishi ndani yake ndiye fundi. Siku hizi inaanzia kwa bakteria wengine wanaokuzwa kwenye matangi, kwa hivyo pia ile hofu ati bahari itamalizwa haina msingi sana.

"Sisi wa bara haituhusu."

Inatuhusu sana! Ziwa Nakuru, Elementaita, Bogoria, yote ni magadi, na yana bakteria wanaostahimili maji ambayo wengine wengi hawawezi. Bakteria kutoka maziwa yetu ya magadi walishabebwa ng'ambo, vimeng'enya vyao (protini zinazoharakisha kazi za kemikali) vikatumika kwa sabuni na kufifisha suruali za jeans, mpaka KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ikalalamika kwamba Kenya haikupata haki yake. Vijana wa Egerton na Maseno mnaosoma bayolojia, jueni kanuni zipo tangu 2006: mtu wa nje akitaka kuchukua viumbe hao ni lazima apate kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na akubaliane nasi mapema jinsi faida itagawanywa. Mkiona mtu anachota matope pale ukingoni, muulizeni hicho kibali kiko wapi.